Nimevunjika mara ya tatu, siku ya 19. Nyie mnaoendelea, mnashikwa na nini?

#1 KaraniWaFuoni
Assalaam alaykum. Nina suala, na namuomba anijibu yule anayelifanya jambo, si yule anayepanga kulifanya.

Mie ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mtihani wa bodi ya uhasibu nauchukua Novemba inshaallah. Nyumbani tuna watoto watatu, na wakati pekee ambao hakuna anayeniita ni baina ya saa kumi za usiku na adhana ya alfajiri. Basi niliazimia: saa kumi niamke, nioge maji ya baridi, nikae na madaftari mpaka nisikie adhana. Mara ya kwanza nilikwenda siku 12. Mara ya pili 23. Mara hii nilifika 19, ikaangukia arusi ya binamu yangu Mkwajuni, tukarudi saa saba, sikuamka. Hilo nimejisamehe. Lakini siku ya pili yake hakukuwa na arusi, na alamu niliisikia, nikaizima kwa mkono wangu. Hapo ndipo panaponiuma.

Inasemwa siku 21 zinatosha kitu kuwa mazoea. Zangu 23 zilipita na kila alfajiri ilikuwa ngumu kama ya kwanza. Sitafuti dawa ya kuniondolea ugumu, jambo lenyewe najua ni zito na najua linafaa. Nataka kujua kitu kimoja: nyie ambao mko mwaka wa pili, wa tatu, wa kumi katika jambo gumu la kila siku, kinachokushikeni ni nini?

#2 PembaDamu
Wa alaykum salaam. Arusi Mkwajuni, kurudi saa saba, halafu saa kumi mtu aamke? Yakhe, Unguja hamlali, kisha mnamtafuta mchawi. Hapa kwetu Wete saa tatu za usiku njia nyeupe.

#3 MzeeWaMalindi
Bakora. Sie tulikuwa tushakaa mkekani chuo cha Kurani kabla jua halijachomoza, na aliyechelewa alikuwa anajua kinachomngoja. Leo nina miaka 71 na alfajiri ya msikitini hainipiti ila kwa maradhi. Samaki mkunje angali mbichi. Mtu hujengwa udogoni, ukubwani ni kusukuma jahazi lililokwama mchangani maji yamekwishatoka. Nyie mmelelewa kwa kubembelezwa, ndio maana mnaitegemea simu ikuamsheni.

#4 FundiWaVespa
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo kwenye bakora sikubaliani. Bakora hiyo hiyo nimepigwa na mie. Tulikuwa watoto kama kumi na sita, wawili watatu walihifadhi, sie wengine tuliishia juzuu amma tukatoroka. Mpaka nafika miaka thelathini, nikipita nje ya chuo nikisikia watoto wanasoma, tumbo lilikuwa linanikata. Nimerudi kusoma ukubwani kwa mwalimu ambaye hajapata kuninyanyulia sauti, na huko ndiko niliposoma. Bakora ilimjenga Mzee na mie ikanifukuza. Kitu kimoja, watu wawili tafauti.

#5 KijanaWaBububu
Karani, hizo siku 21 zitoe kichwani. Asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Neno "angalau" likadondoka njiani, na habari ya mtu kujizoea kwenye kioo ikageuzwa kanuni ya kila kitu.

Walioipima hasa ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti uliotoka 2009. Watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, alifanye kila siku kwa wiki 12, akiliweka mahali pamoja katika siku yake, mathalani baada ya chakula cha mchana. Wastani wa jambo kuwa jepesi, likajifanya lenyewe, ulikuwa siku 66. Aliyewahi ni 18, aliyechelewa 254. Kunywa maji kuliwahi, mazoezi ya mwili yalichelewa. Na hili ndilo lako khasa: kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwishafanyika.

#6 PembaDamu
Wiki 12 ni siku 84. Hizo 254 mtu amezipata wapi?

#7 KijanaWaBububu
Una haki ya kuuliza, nimeandika vibaya. Si kwamba mtu alihesabiwa siku 254. Walichora mstari wa namna kila mmoja alivyokuwa anazoea, kisha wakaufuata mbele kukadiria atafika lini. Kwa hiyo 254 ni makadirio. Shukran kwa kunisahihisha.

#8 Khatma
Nasomesha chuo, watoto asubuhi na watu wazima baada ya magharibi. Kwa miaka niliyokaa nao nimeona mengi yanayovunja watu, na la kwanza ni kuanza na kikubwa. Mtu mzima anakuja na hamu, anataka kurasa tatu kwa siku. Nakataa. Msahafu tunaousomea una kurasa 604. Ukihifadhi ukurasa mmoja kila siku bila kukosa, ni mwaka mmoja na miezi minane hivi umemaliza. Lakini hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu ukurasa wa leo si kazi, kazi ni kuzirudia zile za nyuma. Akifika juzuu ya kumi, marejeo peke yake yanakula saa nzima kabla hajagusa kipya. Wengi huvunjikia hapo, wala si mwanzoni.

Mtume (S.A.W.) katufundisha, katika hadithi ya Bi Aisha, kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, japo ni kidogo. Karani, saa nzima ya uhasibu pamoja na maji ya baridi pamoja na saa kumi, hayo ni mambo matatu mageni umeyafunga kamba moja. Ukianguka kwenye moja yote yanaanguka. Ingekuwa mwanafunzi wangu ningekwambia uanze na robo saa, na maji uoge ya vuguvugu.

#9 KaraniWaFuoni
Ahsanteni. Mwalimu Khatma, hapo kwenye mambo matatu umenishika. Lakini robo saa kwa mtihani huu haitoshi. Mada ya kodi peke yake inanitaka miezi. Nikianza na robo saa Novemba itanikuta mlango wa pili wa kitabu.

#10 MwaniPaje
Mwanangu Karani, mie sijasoma hayo ya London lakini nina miaka mingi baharini. Mwani ulianza kulimwa hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, mie nikaingia nikiwa binti. Nakujibu suala lako kama ulivyouliza.

Sie hatuna saa. Tuna bamvua na tuna maji mafu, yale yasiyotoka mbali. Bamvua likija, maji yanatoka mbali, ndipo unaposhuka kufunga mbegu, kupigilia vijiti, kung'oa magugu, kuvuna. Leo maji yakitoka saa tatu, kesho yamesogea kiasi cha robo tatu ya saa, na keshokutwa vivyo hivyo. Ukisema leo nimechoka nitakwenda kesho saa ile ile, kesho saa ile ile bahari haipo ulipoiacha. Na bamvua likikupita, unakaa na maji mafu wiki nzima huku mwani wako unakatika au unaota uchafu. Kwa hiyo sikuamshwa na nia wala na bakora. Nimeamshwa na maji.

La pili, nilikuwa sishuki peke yangu. Tulikuwa sita, tunapita mlango kwa mlango. Mmoja akichelewa tunamgongea. Aliyekuwa mgumu kuliko wote kuamka ndiye tuliyemuweka awe wa kugonga, na hakupata kuchelewa tena mpaka alipoolewa akahamia Makunduchi. Sasa tumebaki wawili, na nikwambie kweli, tangu tubaki wawili nazipoteza siku. Mwili ni ule ule. Watu ndio wamepungua.

#11 Darajani_Kwetu
Huyo wa kugonga ndiye dawa. Bi Mwani, ule mwani wa kotoni mnaupata bado?

#12 MwaniPaje
Kotoni hapa kwetu inakufa, maji yamekuwa moto. Tunalima spinosamu, bei yake ndogo. Ndio maana wenzangu wameondoka, si uvivu. Tusiwaseme.

#13 KijanaWaBububu
Bi Mwani, shikamoo. Naomba niliseme hili kwa unyenyekevu: maelezo yako yanagongana na utafiti nilioutaja. Kule ishara ilikuwa ni ile ile kila siku, na kufanana kwa siku ndiko kulikozalisha mazoea. Wewe saa yako inahama kila siku na bado umedumu miaka zaidi ya thelathini. Ama maji kutoka ndiyo ishara yenyewe hata kama saa inabadilika, ama hayo yako si mazoea, ni kitu chengine.

#14 MwaniPaje
Marahaba. Ni kazi, mwanangu.

#15 NesiWaMkoani
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyemuuliza Karani suala la kwanza ambalo ningemuuliza mgonjwa: unalala saa ngapi?

#16 KaraniWaFuoni
Saa sita. Mara nyengine saa sita na nusu. Duka tunafunga magharibi, kisha baraza, kisha taarifa ya habari, kisha simu.

#17 NesiWaMkoani
Basi jibu lako ndilo hilo, hata kama si tamu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Wewe unalala nne. Siku ya kwanza unaamka kwa hamu, ya tano unaamka kwa kujilazimisha, ya kumi na tisa mwili unadai deni lake, na arusi imekuwa kisingizio tu cha mwili kujilipa. Hiyo siku ya pili unayoilaumu, uliyoizima alamu kwa mkono wako, hukuwa dhaifu wa tabia. Ulikuwa na deni la wiki tatu. Maji ya baridi hayalipi deni la usingizi. Nafanya zamu za usiku, najua ninalolisema, nimewaona wenzangu wakikosea hesabu ya dozi alfajiri ambao mchana hawakosei. Lala saa tatu ukishaswali isha, kisha uje utwambie kama saa kumi ni ngumu.

#18 PembaDamu
Posti namba 2 nilisema nini?

#19 Darajani_Kwetu
Nesi kanikumbusha kitu. Ule umeme ulipokatika Unguja nzima 2008, miezi mitatu, mie nilikuwa skuli. Tulikuwa tunalala saa tatu kwa sababu hakuna cha kukuweka macho. Nilikuwa naamka mwenyewe kabla ya adhana, bila alamu, nasoma kwa kandili. Sijapata kusoma vile kabla wala baada. Umeme uliporudi, wiki mbili tu, nikawa mtu yule yule wa zamani. Nimelifikiria sana jambo hili. Nilidhani nimekuwa mtu mwengine, kumbe giza ndilo lililokuwa na nidhamu.

#20 MzeeWaMalindi
Sahihisha mwaka. Wa 2008 ulikuwa kama mwezi mmoja, Mei mpaka Juni. Ule wa miezi mitatu ulianza Disemba 2009 ukaisha Machi 2010. Nilikuwa na friza ya samaki, nakumbuka kila siku yake.

#21 Darajani_Kwetu
Ahsante Mzee, ni huo wa 2009 basi. Nilikuwa kidato cha pili.

#22 PembaDamu
Na usiseme "Zanzibar yote", maana nimeona watu wanapenda kusema hivyo. Sie Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu Wesha. Kebo ya baharini kutoka Tanga ilikuja kuwashwa baadae, 2010 hiyo hiyo.

#23 Darajani_Kwetu
Nimeandika Unguja, kaka. Soma vizuri.

#24 PembaDamu
Kweli, umeandika Unguja. Nisamehe.

#25 BiMandazi
Kina baba na watoto wangu, nisomeni na mie.

Naamka saa tisa za usiku. Mwaka wa kumi na saba huu. Unga naukanda usiku, saa tisa nauangalia umeumuka vipi, nakata, nachoma, saa kumi na mbili niko barazani kwangu na mabeseni mawili, moja mandazi, moja vitumbua. Jumapili na siku kuu ndio napumzika. Watoto wangu saba wamesoma kwa mabeseni hayo. Katika miaka kumi na saba hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia nina nidhamu. Wananiambia "Bi Mandazi maskini anahangaika". Mwanamme akiamka saa kumi kusoma kitabu, huyo anajijenga. Mwanamke akiamka saa tisa kuchoma mandazi, huyo ana shida.

Sisemi kwa kumuonea mtu choyo. Karani namuombea afaulu. Lakini nataka nimuulize kitu kimoja: wewe ukiamka saa kumi ukaoga ukakaa na madaftari, mkeo anaamka saa ngapi, na anaamka kufanya nini?

#26 NesiWaMkoani
Bi Mandazi, nakubusu mikono.

#27 KaraniWaFuoni
Bi Mandazi, nimekaa na suala lako tangu jana, sikutaka kujibu haraka.

Mke wangu anaamka saa kumi na nusu. Anawatilia watoto chakula, anapiga pasi nguo za skuli, anafagia uani. Nilikuwa nikimsikia anapita nje ya mlango taratibu ili asinisumbue. Nimemuuliza usiku huu ameanza lini kuamka saa hiyo. Kasema tangu mtoto wa kwanza alipoanza nasari. Miaka minane. Na mie nilikuwa nahesabu siku zangu 19 kwa kalamu ukutani, juu ya kitanda tunacholala wote wawili.

Ule ukuta nimeupangusa.

#28 FundiWaVespa
Hapo Karani umenigusa.

Nami niseme la kwangu, lile lililonishika. Nilivuta sigara tangu nina miaka kumi na sita. Niliacha Ramadhani tano tofauti, na Ramadhani tano siku ya Idi mosi nilikuwa nayo mdomoni. Mwezi mzima kuanzia alfajiri mpaka magharibi siivuti wala sioni tabu kubwa, kwa hivyo uwezo ninao. Tatizo lilikuwa baraza. Baraza letu sote tunavuta. Mtu anatoa pakti, inapita kama kahawa. Mara ya sita sikuapa chochote, nilihama baraza tu. Nikawa nakaa na wazee wa bao, ambao hakuna anayevuta, wana kahawa na kashata basi. Mwaka wa sita huu.

Lakini bei yake niiseme. Rafiki zangu wa miaka ishirini waliona nimejitenga, nimejifanya bora. Mmoja hatusemezani vizuri mpaka leo. Kila nikisikia watu wanasema "badilisha mazingira", najua hawajahesabu walioko ndani ya mazingira hayo.

#29 MvuviKusini
Salaam kutoka kusini ya Pemba. Ninavua, na nataka kuleta habari ya pweza, mtaniambia kama haihusiani.

Huku visiwani vipo vijiji vinavyofunga mwamba. Kisiwa Panza wanajulikana kwa hilo. Mnakubaliana sehemu fulani haiguswi miezi mitatu hivi, kwa sababu pweza hukua upesi mno, ukimuacha muda mdogo anakuwa mkubwa. Siku ya kufungua watu wanashuka pamoja. Sasa fikiri: una njaa, pweza mdogo unamuona kwenye tundu lake, na unatakiwa umpite kila siku kwa miezi mitatu. Hiyo ni nidhamu au si nidhamu?

Kijijini kwetu tulijaribu. Mara ya kwanza tulisubiri vizuri, tukafungua, mapato mazuri. Mara ya pili ikaenea habari kwamba kuna watu wanaingia usiku. Haikupita wiki, wale wale waliosubiri mara ya kwanza wakaingia na wao, na mie nilikuwa mmojawao, nasema wazi. Mikono ile ile, njaa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sikuamini tena kuwa pweza wangu atakuwepo siku ya kufungua. Nidhamu yangu mie iliondoka siku hiyo, kwa kusikia tu.

#30 KijanaWaBububu
MvuviKusini, inahusiana kuliko unavyodhani, nimesimama niliposoma.

Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya sitini na sabini, Walter Mischel alikuwa anamuweka mtoto mbele ya kitu kitamu: ukingoja mpaka nirudi unapata viwili. Baadae ikasemwa waliongoja walikuja kufanya vizuri masomoni, na watu wakachukua kwamba subira ya utotoni ndiyo inayoamua maisha. Mwaka 2018 watafiti wengine wakaangalia tena kwa watoto zaidi ya 900, na walipotia hesabuni hali ya nyumba mtoto anayotoka, uhusiano ule ukapungua sana.

Lakini linalofanana na pweza wako ni la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, 2013. Kabla ya kumpa mtoto mtihani, mtu mzima alimuahidi rangi nzuri za kuchorea. Kundi moja aliwaletea kweli, jengine akarudi mikono mitupu akasema zimekosekana. Ndipo wakawekewa ile peremende laini. Walioletewa waliweza kungoja wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi dakika 3.

#31 BiMandazi
Kwa hiyo mtoto aliyekula mapema hakuwa mlafi. Alijua watu.

#32 MzeeWaMalindi
Nimewasikiliza. Mmoja anasema maji, mwengine giza, mwengine baraza, mwengine ahadi. Mnataka kusema mtu mwenyewe hana lake? Bahari ile ile, wapo walioshuka na wapo waliolala. Bi Mwani kasema mwenyewe, walikuwa sita. Paje nzima haikuwa na wanawake sita.

Nami niseme la ndani kidogo, kwa kuwa mmesema ya ndani. Mke wangu alipofariki sikuwa na hamu ya chochote. Nikila ni kwa kulazimishwa. Lakini alfajiri miguu ilinyanyuka ikanipeleka msikitini. Sikuwa na hofu ya bakora, mwalimu wangu keshatangulia zamani. Wala sikuwa na nia, Mwenyezi Mungu anisamehe, moyo ulikuwa mtupu. Nikasimama safuni kwa sababu ndipo niliposimama jana. Kwa muda wa miezi ilikuwa hivyo, mpaka moyo ulipokuja kuikuta miguu. Nani aliniweka pale, siwezi kukwambieni kuwa ni mwalimu peke yake.

#33 Khatma
Mungu amrehemu marehemu, Mzee wangu. Hapo uliposema moyo uliikuta miguu, nitapasoma tena.

Sikubali lakini kwamba nia haikuwepo. Nia ya miaka hamsini haiishi kwa msiba. Ilikuwa imelala.

#34 FundiWaVespa
Amin. Mwalimu, ukisema ililala unamrudisha Nesi kwenye hoja yake ya usingizi.

#35 PembaDamu
Mungu amlaze pema. Mzee, nikija Unguja nitakuletea halua ya Wete, ukae nayo na kahawa baada ya alfajiri hiyo.

Babu yangu alipata eka tatu baada ya Mapinduzi akapanda mikarafuu uzeeni. Mkarafuu unataka miaka sita, saba, nane kabla ya kukupa la maana. Kila jioni ndoo mbili za maji kutoka kisimani kwa ile miche michanga. Aliwahi kuchuma msimu mmoja tu. Tukimuuliza alikuwa anasema "mche ukikauka nitautazama vipi". Basi, hakuwa na maelezo mengine. Mie sioni kama analingana na yeyote wa humu, ndio maana nimemleta.

#36 Darajani_Kwetu
Halua mpaka ya Wete? Unguja ipo.

#37 PembaDamu
Unguja mna sukari iliyopikwa.

#38 NesiWaMkoani
Rudini kwenye uzi. Karani, wiki mbili zimepita, uko wapi?

#39 KaraniWaFuoni
Nipo, na samahani kwa kimya.

Nilichofanya ni hiki. Nalala saa tatu na nusu, baraza naliaga isha. Mke wangu na mie tumegawana: siku tatu yeye analala mpaka adhana na mie ndiye ninayetilia watoto chakula, siku nne nasoma. Maji ya baridi nimeyaacha. Kwa hiyo nimepoteza siku tatu za kusoma kwa wiki, na ajabu ni kwamba nimekwenda mbele kuliko nilipokuwa nasoma saba. Kama ni usingizi, ama ni kwamba sasa kuna mtu ananingoja zamu yake, sijui nimshukuru Nesi au Bi Mandazi.

Lakini sikudanganyeni: bado ni ngumu. Juzi niliamka nikakaa kitandani dakika nzima nikiitazama miguu yangu, kama alivyosema Mzee, nikingoja inyanyuke. Haikunyanyuka. Ilibidi niinyanyue.

#40 MwaniPaje
Tafuta wa kugonga, mwanangu. Mkeo usimtwishe na hilo.

#41 FundiWaVespa
Nitagonga mie. Nina pikipiki za watu za kumaliza kabla ya saa mbili na nataka kuanza kuamka mapema. Nakaa Fuoni hapo hapo. Nitakutumia namba kwa ujumbe wa pembeni. Saa kumi kamili nakubipu. Usiponibipu nami ndani ya dakika tano, nakuja mlangoni na honi.

#42 KaraniWaFuoni
Hewala. Tuanze kesho.

#43 FundiWaVespa
Saa kumi na dakika saba. Karani, nimebipu mara mbili, kimya. Natoa pikipiki.

#44 KaraniWaFuoni
Usije, usije, watoto wamelala. Nilikuwa bombani natia udhu. Madaftari nimeshayafungua.